Zamu ya Jemadari Chumo

Jemadari Chumo alikuwa amesogea. Shantel aliliona hilo Jumatatu asubuhi kabla hata hajavua mkoba mgongoni, na jambo la kwanza alilofanya ni kumlaumu Mwalimu Wamalwa.

"Mwalimu, umecheza wiki yangu?"

"Mimi? Jana nilikuwa kanisa siku nzima. Uliza bibi yangu."

"Basi nani ametoa Chumo Boma Kuu akampeleka huko mtoni? Mimi mwenyewe nilimwacha ndani ya ngome Ijumaa."

Walimgeukia Kiprotich, mwenye duka. Yeye alikuwa amejiinamia kwenye mashine ya fotokopi, akipigana na karatasi iliyokwama, akaapa kwamba hajagusa kitu. Hakuna aliyemwamini. Katika ule mchezo kila mtu alikuwa mwongo, na hiyo ndiyo ilikuwa raha yake.

Kwa asiyejua, ni mchezo wa vita unaochezwa kwa zamu. Unasogeza majeshi yako pole pole, unajenga, unapanga, ukimaliza unampisha adui, yaani kompyuta, naye asogeze yake. Hakuna haraka, unaweza kunywa chai katikati ya vita. Watatu hao walikuwa na ufalme mmoja tu, Ufalme wa Mau, ndani ya kompyuta kuukuu ya duka la Kiprotich pale Njoro, na waliutawala kwa kupokezana, kila mtu juma lake. Siku ya kukabidhiana ndiyo ilikuwa vita yenyewe. Wamalwa, mwalimu wa historia ambaye babu yake aliletwa Nakuru na reli, aliamini kuta. Angeachiwa, angejenga kuta mpaka adui afe kwa uzee. Shantel, mwanafunzi wa kilimo pale chuoni, alishambulia kwanza na kuuliza baadaye. Kiprotich alikaa katikati yao, na kwa kuwa kompyuta ilikuwa yake, neno lake ndilo lililokuwa la mwisho.

Huyo Chumo walimpata wakati wa mavuno ya ngano. Jeshi likishinda vita kadhaa, mchezo humzawadia mfalme jemadari, halafu humwomba ampe jina. Siku hiyo kombaini zilikuwa mashambani pande zote za mji na vumbi la makapi lilikuwa limeingia kila mahali, mpaka kwenye sukari. Wamalwa alitaka jina la shujaa wa vitabuni. Shantel alitaka jina lake mwenyewe, bila haya.

"Zii," Kiprotich akasema. "Kwetu jina la mtu halichaguliwi. Linaitwa."

Akawaeleza jinsi inavyofanywa. Mtoto akizaliwa, akina mama wazee wa ukoo humzunguka na kuita majina ya marehemu wa familia, mmoja baada ya mwingine, na mtoto akisikia jina la yule aliyerudi kupitia kwake hupiga chafya. Hapo vigelegele, na kazi imeisha. Basi Kiprotich, ambaye hakuwahi kuiona shughuli hiyo bali alikuwa ameisikia tu, akafunga kichwa kwa sweta kama ajuza, akapiga magoti mbele ya kompyuta na kuanza kwa sauti nyembamba. Tonui, ni wewe? Kimya. Sigei, ni wewe? Kimya. Kimeto? Shantel alikuwa ameshika mbavu. Kisha likamtoka jina ambalo hakuwa amelipanga, jina alilolisikia mara moja tu kinywani mwa marehemu baba yake.

"Chumo, ni wewe?"

Kompyuta ikapiga chafya. Feni yake iliyosongwa na makapi ilisimama ghafla, ikavuta, ikapasua pumzi moja kubwa iliyorusha vumbi hadi kwenye magoti ya Kiprotich. Walicheka hadi wateja wakachungulia. Hata mimi ningecheka, na wewe pia, usijifanye. Wakaandika Chumo, na mchezo ukaendelea.

Sasa huyo Chumo alikuwa mtoni bila kutumwa. Shantel alimrudisha ngomeni. Kesho yake akamkuta mtoni tena, ng'ambo ya pili kabisa, upande wa adui, akiwa amejichimbia mahandaki na kuutazama mto. Akimwamuru aondoke, anatikisika kidogo na kubaki palepale. Wamalwa alipopokea zamu alijaribu naye, akashindwa, akasema mchezo umeingiwa na virusi.

Kisha ikaja harufu. Mwanzoni Kiprotich alidhani ni panya amefia nyuma ya kabati, akahamisha kila kitu na kupiga deki kwa dawa, lakini haikuwa harufu ya mzoga. Ilikuwa ya tope la mtoni na blanketi la sufu lililokaa na maji siku nyingi, na ilikuwa kiangazi, hata mabomba ya mji yalikuwa makavu. Ilitoka chini ya meza ya ile kompyuta. Mteja mmoja aliyekuja kuchapisha barua alikaa pale kidogo, akavuta miguu, akaitazama sakafu.

"Boss, kuna maji hapa chini?"

"Hakuna."

"Mbona nasikia kama mtu anakanyaga maji?"

Hakungoja barua yake. Kiprotich alipiga goti akaweka sikio karibu na sakafu, na kweli akasikia. Ilikuwa chubwi, kisha kimya, kisha chubwi tena, mtu mzito akibadilisha mguu mmoja kwa mwingine katika maji ya kina kifupi, kama afanyavyo aliyesimama mahali kwa muda mrefu akimngoja mwenzake.

Angeweza kuyavumilia hayo, kwani mtu huzoea mengi kwa ajili ya biashara. Ila nyuma ya duka kulikuwa na vyumba viwili, na humo aliishi na mkewe Jepleting, ambaye mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Mbili kabla ya hiyo zilikuwa zimetoka. Hiyo ya tatu waliilinda kama yai, hata kucheka kwa nguvu Jepleting alikatazwa na mama mkwe wa jirani.

Alasiri moja stima ilipotea mji mzima. Kiprotich alikuwa mlangoni akiongea na jirani, na jua lilikuwa linawaka barabarani, watoto wakitoka shule. Ndipo akasikia mkewe akimwita kutoka chumbani, si kwa kelele, bali kwa sauti ya chini sana, ya mtu asiyetaka kumwamsha mwingine.

"Kiprotich. Kuja. Kuja pole pole."

Akapita dukani, akaona kompyuta zote zimezima isipokuwa ile moja, inawaka bila stima, na kwenye kioo chake mto ule wa buluu na Chumo ukingoni, ila hakusimama kuitazama kwa sababu sauti ya mkewe ilikuwa imemshika moyo, akasukuma pazia, akamkuta Jepleting amelala chali na mikono yote miwili juu ya tumbo, macho yameganda miguuni pake, na pale miguuni godoro lilikuwa limebonyea, limebonyea sana, bonde la mtu mzima aliyekaa, na shuka kuzunguka lile bonde lilikuwa linalowa, linalowa huku yeye anatazama, doa linapanda taratibu kuelekea tumboni.

"Kuna mtu amekaa hapa," Jepleting alinong'ona. "Amelowa. Nilidhani ni wewe."

Kiprotich alimbeba mkewe mzimamzima, na tumbo lake, akamtoa hadi barabarani juani. Huko nje alitetemeka mbele za watu na hakuona aibu.

Jioni hiyohiyo aliamua kuufuta mchezo. Jepleting alikuwa amekaa uani kwenye kiti, analishwa uji na jirani. Kiprotich akaweka kidole juu ya kitufe cha kufuta. Uani Jepleting akapiga yowe na kushika tumbo. Akaondoa kidole, yowe likakatika. Akangoja. Akasikia jirani akimuuliza mkewe kama amepona, na mkewe akijibu kwamba imepita. Akakirudisha kidole, hakubonyeza, alikigusisha tu, na safari hii Jepleting hakupiga yowe, alilia kama mtoto. Kiprotich akaiacha ile kompyuta ikiwaka, akatoka na kufunga duka kwa kufuli mbili.

Aliwaita wenzake kesho yake mchana, wakakaa kwenye ngazi za kanisa lililo mkabala na duka maana ndani hakuna aliyetaka kukaa, na hapo akawaambia Chumo alikuwa nani.

Alikuwa kaka wa babu yake. Ndugu hao wawili walichukuliwa pamoja na jeshi la Waingereza kwenda kupigana na Wajapani huko Burma. Huko, kikosi chao kikirudi nyuma, walifika kwenye mto, na mashua zilikuwa chache. Chumo aliachwa na watu wachache kushikilia ukingo ili wengine wavuke. Babu yake Kiprotich alivuka. Alimwambia kaka yake kwamba atarudi kumchukua. Hakurudi. Alirudi Olenguruone peke yake na koti la jeshi, na hadi anakufa hakupenda kuulizwa habari za mto.

"Baba alinieleza mara moja tu," Kiprotich akasema. "Akasema huyo hakuzikwa, na jina lake tusilichezee. Na mimi nililichezea."

Wamalwa alikuwa amevua miwani. "Kwa hivyo anangoja kuchukuliwa."

"Anangoja kuchukuliwa. Na asipochukuliwa atachukua mtoto wangu."

"Uliza nyanyako kwanza," Wamalwa akasema. "Hayo mambo ya majina ni ya hao akina mama. Sisi tunajua nini?"

Lilikuwa shauri zuri kuliko yote yaliyotolewa katika mkasa huu, na Kiprotich hakulifuata. Kogo, yaani nyanya yake, alikuwa hai huko Olenguruone, na simu yake ilikuwa inapatikana. Lakini angeanzaje? Angesema nini? Kwamba alifunga sweta kichwani akawaigiza mbele ya msichana wa chuo na mwalimu Mluhya, wakacheka? Baba yake, aliyekuwa shemasi, alikuwa amekataza mambo hayo nyumbani kwake tangu alipookoka, na Kogo alikuwa amelimeza katazo hilo kwa uchungu miaka yote. Kiprotich aliona aibu. Watu wengi wameangamizwa na aibu ndogo kuliko hiyo.

"Twendeni tumchukue," akasema.

"Huko ndani ya mchezo?"

"Ndiko aliko."

Shantel aling'ata kucha. "Adui amejaza askari hapo mtoni, Kip. Tukienda tunaenda na jeshi lote. Boma Kuu inabaki bila mtu."

"Najua."

"Mwaka mzima tumejenga hiyo kitu."

"Shantel," Wamalwa akasema polepole, "mimi ndiye nilijenga hizo kuta. Na nasema twende."

Walienda Jumamosi. Duka lilifungwa, ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Mau hadi barabarani, magari yakipita na taa saa nne ya asubuhi. Jepleting walimpeleka kwa jirani. Wakakaa watatu kwenye benchi moja mbele ya ile kompyuta, harufu ya tope imewakaba, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyebishana na mwenzake. Wamalwa aliondoa askari kwenye kuta zake mwenyewe, ngome baada ya ngome, midomo yake ikicheza kama anasali. Adui aliona upenyo na akaingia. Zamu moja vijiji vya kusini vikaungua, zamu nyingine maghala ya ngano. Shantel, mpenda kushambulia, aliongoza majeshi kuelekea mtoni bila kutazama nyuma, akipoteza wapanda farasi, akipoteza wapiga mishale, na kila jeshi lilipokufa alisema tu, "Endelea."

Boma Kuu lilianguka alasiri. Karibu na jioni wakaufikia mto, na mashua moja ikavuka hadi ng'ambo ambako Chumo alikuwa amejichimbia. Ilibidi wengine washuke washike ukingo ili yeye aondoke. Wamalwa akawashusha wapiga mikuki wake wa mwisho, wasio na jina lolote.

Shantel alinyoosha mkono kumwamuru jemadari apande. Kabla hajaigusa kompyuta, Chumo akapanda mwenyewe.

"Sijafanya kitu," Shantel akanong'ona. "Mnaona mikono yangu? Sijagusa."

Mashua ikaanza kurudi peke yake, mraba kwa mraba. Ng'ambo wapiga mikuki wakachinjwa. Kiprotich alijikuta amesimama, machozi yanamtoka, na si ya woga tu. Alimwona babu yake katika koti lile, aliwaza ahadi ile iliyokaa miaka yote bila kutimizwa, na akahisi kwamba yeye, mwenye duka la fotokopi, ndiye aliyepewa kuitimiza. Mashua ilipogusa ukingo wa kwao, akasema kwa sauti, kwa moyo wake wote:

"Karibu nyumbani, mzee. Umefika. Nyumba ni yako, na watoto ni wako."

Kompyuta ikazima. Ile harufu ikainuka kutoka chini ya meza, ikapita katikati yao nzito na baridi, ikaingia upande wa vyumba, halafu ikapotea. Wakanusa. Wakasikiliza. Hakukuwa na kitu. Wamalwa alianza kucheka, Shantel akamkumbatia Kiprotich, na wote watatu wakaenda kula chapati kwa jirani kama watu waliotoka vitani kweli.

Mtoto alizaliwa salama, mvulana mzito mwenye sauti. Kiprotich alimshika mikononi akasahau kila kitu. Chini ya meza palikuwa pakavu, kompyuta ilikuwa kompyuta tu, na Jepleting alilala mchana bila kuogopa. Walichokiona tu, na hawakukipa uzito, ni kwamba mtoto alipolazwa chali alikuwa akitazama pembe ileile moja ya chumba, na akitulia ghafla katikati ya kilio kana kwamba amenyamazishwa.

Wakati huu Kiprotich aliona haya kumnyima Kogo haki yake. Baba alikuwa marehemu, katazo lilikuwa limezikwa naye. Alimpigia simu, na Kogo Cheptoo akashuka kutoka Olenguruone kwa pikapu ya Jonah, jirani yake wa huko, akiwa na akina mama wazee wawili, kibuyu cha maziwa na ugoro kwenye kitambaa. Ilikuwa mchana, milango wazi. Jonah alibaki nje kwenye pikapu. Akina mama wakaketi kumzunguka Jepleting, Kogo akampokea mtoto mapajani, akaanza kuita kwa sauti ile ya kubembeleza ambayo Kiprotich alikuwa ameiigiza vibaya sana.

Tonui. Mtoto alitazama pembe yake. Sigei. Kimeto. Akaita wengine ambao Kiprotich hakuwahi kuwasikia. Mtoto hakupiga chafya wala hakulia. Kogo akakunja uso.

Kiprotich akainama sikioni pake. "Kogo, ita Chumo. Yuko tayari."

Mikono ya Kogo ikasimama. "Chumo gani?"

"Wa Burma. Tulimleta nyumbani. Nitakueleza."

"Mlimleta?" Kogo alimtazama kama anayemtazama mtu mwenye homa. "We weri, kijana wangu, Chumo ni wewe."

"Mimi?"

"Siku ulizaliwa, baba yako alikuwa kanisani. Nilikuita mimi mwenyewe, jikoni, bila ruhusa yake. Niliita wengi ukakataa, nikasema Chumo, ukapiga chafya hata kabla sijamaliza. Babu yako alilia. Alisema, ndugu yangu amevuka. Baada ya hapo baba yako alikataza hilo jina lisitajwe, nikanyamaza. Lakini ule wa mtoni alishafika zamani. Ako hapa. Anaongea na mimi."

Jepleting alikuwa amejiinua kitandani. "Sasa ni nani huyo mlileta?"

Kogo alimshika Kiprotich mkono. "Mlimwambia nini akiingia? Neno kwa neno."

"Nilimkaribisha," Kiprotich akasema. "Nilimwambia nyumba ni yake." Akamtazama mtoto. "Na watoto."

Kogo alisimama. Katika umri wake alisimama kama msichana. "Mtoto huyu haitwi hapa. Toka. Wote, toka nje sasa hivi."

Ndipo wakaisikia. Ilitoka upande wa dukani, nyuma ya pazia, sauti ya kiume, ya upole, yenye maji kooni, ikibembeleza hasa kama wabembelezavyo akina mama wazee. Ilikuwa inaita majina. Ilianza na Tonui, ikapita Sigei, ikapita Kimeto, haikuchelewa hapo, ikaingia kwenye majina ambayo si ya ukoo wao wala ya ukoo wa mtu yeyote aliyekuwa mle ndani, majina mazito yenye pumzi nyingi, na kila jina ilipolitaja harufu ya tope ilizidi na pazia lilijaa kidogo upande wao, na mtoto mikononi mwa Kogo akageuza kichwa, akaacha pembe yake, akaitazama ile sauti, na pua yake ndogo ikaanza kukunjika kwa chafya.

Kogo alimbana pua kwa vidole viwili.

"Hatapumua!" Jepleting akalia.

"Atapumua nje! Kimbia!"

Lakini kati ya chumba na barabara palikuwa na duka, na mlango wa uani ulikuwa mbali, na jina lingine lilikuwa linakuja. Kiprotich aliliona hilo lote kwa mara moja, kama anavyoona mtu aliyetawala juma baada ya juma na kuamua nani aende na nani abaki. Mtu alihitajika kushikilia hapo ili wengine wavuke. Jina likaitwa.

"Nipo," Kiprotich akajibu.

Sauti ikanyamaza, kama iliyoshangaa. Pazia likalegea. Kisha ikaita jina lingine, kwa haraka zaidi.

"Nipo," akajibu tena, akasogea mbele ya pazia akatanua mikono. Hakugeuka. Kwa kiganja tu, mgongoni, aliwafanyia ishara waende.

"Mjukuu wangu, usiitikie!" Kogo alinong'ona. "Kila jina ukiitikia linakuwa lako—"

"Peleka mtoto, Kogo. Nipo! Peleka mtoto. Nipo!"

Walitokea uani, Jepleting akiburutwa na wale akina mama wawili, akimwita mume wake, na Kogo mbele na kitoto kilichoanza kubadilika rangi. Kwenye pikapu alimwachilia pua. Mtoto akavuta pumzi, akalia kilio cha kawaida cha mtoto mwenye hasira, na Jonah hakuuliza swali, akaondoa gari. Jepleting alijipinda kuangalia nyuma. Mlango wa duka ulikuwa wazi, wateja wawili wamesimama barabarani wakishangaa, na kutoka ndani alimsikia mumewe bado akiitikia, mara baada ya mara, kwa sauti iliyokuwa inazidi kuwa nzito.

Hawakusimama mpaka walipopita Elburgon, kwenye baridi na misitu, mahali ambapo Jonah aliona ni salama kuongeza maji kwenye injini. Hapo simu ya Kogo ikaita. Ilikuwa namba ya Kiprotich. Jepleting aliipokonya, akaiweka kwenye spika, akaanza kulia kwa furaha kabla hajasikia neno.

"Msilie," sauti ikasema, na ilikuwa ya Kiprotich kabisa, imechoka tu. "Imeisha. Ameenda. Geuzeni gari, mrudi na mtoto nyumbani."

Jonah alikuwa tayari ameshika usukani. Kogo akamzuia kwa mkono. Akainama juu ya simu, na kwa upole, kama anavyouliza mtu anayetaka kumpenda atakayemjibu, akasema:

"Na wewe unaitwa nani?"

Simu ilikaa kimya. Walisikia, mbali nyuma ya ule ukimya, mguu ukihamishwa ndani ya maji.

"Wewe unataka niitwe nani, Kogo?"